Bampa la Nyuma la Mzee Bulugu

Jumapili, 1 Juni 2025

Nimerudi Kirushya saa moja jioni, vumbi mpaka kwenye meno. Natoka Biharamulo kujitambulisha kwa baba yake Happy. Na nimekubaliwa! – Hapana, sijakubaliwa. Nimepewa kazi. Kwangu ni kitu kilekile, maana kazi gani imewahi kunishinda mimi Projestus? (Kidato cha tatu hakihesabiki. Ile ilikuwa shule.)

Mzee Bulugu alikuwa dereva wa chama cha ushirika, sasa kastaafu. Ana Volkswagen ya mwaka 1963, ile wanayoiita kobe. Inalala chini ya turubai kama mgonjwa mwenye homa. Nikaamkia, shikamoo baba. Akaitika marahaba huku anaangalia viatu vyangu. Akauliza kama kweli mimi ni fundi magari. Nikasema Kasulo yote wananijua. (Nina miezi minne gereji kwa Gidioni. Wananijua mpaka mama ntilie, tena yeye ananijua sana.)

Akanipeleka nyuma ya gari. Bampa hakuna! Pako wazi kama mtu aliyetoka bafuni akasahau taulo. Anasema mwaka 2003 lori la mkaa lilimkwangua, likanasa bampa, likaondoka nalo bila kusimama. Tangu siku hiyo anatafuta.

Akasema hivi: habari za ng'ombe wataongea wazee. Lakini wazee hawakai kitako mpaka bampa la nyuma liwe limefungwa. Orijino. La miaka ileile. Mwisho Jumamosi tarehe 14. Jumapili tarehe 15 ameshawapa nafasi watu wengine, ujumbe kutoka Nyakahura. Kijana wao ana duka la dawa za mifugo.

Dawa za mifugo! Mimi nishindwe na muuza dawa ya minyoo!

Happy kanitumia meseji nikiwa njiani: unanioa mimi au unaoa gari la baba? Nikajibu nawaoa wote wawili. Hajajibu. Najua anacheka.

Jumanne, 3 Juni

Naandika dalili kabla hazijanitoka kichwani. Mzee alinifundishia kwenye bampa la mbele, ambalo anasema ndilo kipimo cha dunia nzima. Analisugua kila Jumamosi kwa kitambaa. Magoti yake yalikufa zamani, kwa hiyo analisugua akiwa amekaa kwenye kigoda, upande wa juu tu.

Kwanza, lisiwe la kung'aa. Gari yake ilikuja na bampa la rangi ya kijivu, yale ya kung'aa anasema yalikuwa ya wakubwa. Halafu liwe na kifua cha mviringo, lisiwe bapa kama ubao wa kitanda, hayo ya ubao ni ya miaka ya mbele. Liwe na vipembe viwili vimesimama. Na kwa ndani, pale unapofika ukilala chali, kuna muhuri mdogo wa duara uliogongwa kwenye chuma. Dalili ya mwisho ni matundu. Nafasi ya matundu ya bampa la nyuma hailingani na ya la mbele. Akanipa kamba ya katani yenye mafundo mawili: kutoka fundo hadi fundo ndiyo nafasi ya matundu ya nyuma.

Nikatikisa kichwa kila alipomaliza sentensi. Kutikisa kichwa ninajua sana.

Gidioni nilipomweleza akacheka mpaka akazima mashine ya kuchomelea. Anasema niache ujinga, atanitengenezea bampa kwa bomba la maji, mzee hatajua. Nikamwambia mzee yule anaweza kumjua bampa kwa kumsalimia.

Habari imesambaa. Leo gereji wamekuja watu sita. Mmoja kaleta bampa la Land Cruiser, linang'aa kama meno ya bandia. Mwingine kaleta chaga ya kitanda. Bibi mmoja kaleta mpini wa jembe la ng'ombe, anasema hata huu ulikuwa wa gari. Nikamuuliza gari gani, bibi? Akasema la zamani.

Jumatano, 4 Juni

Balaa! Mama amechukua kamba ya Mzee akamfungia jogoo. Na kwa sababu jogoo ni mkorofi, ameongeza mafundo. Yalikuwa mawili. Sasa matano!

Nikamwambia mama Marsiana, umeharibu ndoa yangu. Akasema: "Ndoa gani inakaa kwenye kamba? Baba yako alinichumbia kwa maneno na mkungu wa ndizi. Wewe unahangaika na gali bovu la Msukuma!" Mama gari anaita gali, na hataki kurekebishwa.

Nimekaa na kamba saa nzima. Mafundo ya mama ni ya kubana. Mafundo ya Mzee yamelegea kidogo na yana grisi. Nimenusa yote. Mawili yana grisi. Moja lina kinyesi cha jogoo. Nani alisema mimi sikusoma?

Ijumaa, 6 Juni

NIMELIPATA.

Nilipeleka pikipiki ya mteja Mbuba. Saa sita mchana nikasikia kengele ya kigango. Kengele za huku ni rimu, kila mtu anajua mlio wa rimu. Hii haikulia kirimu. Ilivuta sauti ndefu kama mtu anayeita ng'ombe. Nikaacha pikipiki kwenye migomba nikafuata.

Linaning'inia kwenye mti kwa waya uliopitishwa kwenye matundu yake mawili. Bampa! Kijivu. Kifua cha mviringo. Nikatoa kamba ya jogoo, nikapima fundo la grisi hadi fundo la grisi – imekaa palepale! Nikalala chali chini yake nitafute muhuri. Upo! Kiduara kidogo, kimejaa kutu na mavi ya popo. Nikapiga kelele.

Katekista Niyonkuru akatoka kanisani mbio. Kijana amelala chali chini ya kengele, anapiga kelele, mkononi kamba ya kuku. Akaanza kuniombea! Ilibidi nisubiri amalize, ilikuwa sala nzuri.

Nikamweleza. Anasema padri mmoja wa zamani sana alikuwa na gari hiyo. Gari iliisha vipande vipande, kigango kikabaki na bampa. Nikauliza vipembe viko wapi. Akanielekeza chini. Viko mlangoni mwa kanisa, vimechimbiwa ardhini, waumini wanakwangulia matope ya viatu! Miaka yote hiyo watu wameingia misani wakijifuta miguu kwenye mahari yangu.

Kulitoa amekataa. Jumapili hii ni Pentekoste. Na hata baada ya hapo, anasema, mwenye kauli si yeye. Ni Mama Consolatha, mwenyekiti wa kina mama.

Jumamosi, 7 Juni

Mama Consolatha ni mfupi, mnene, na haombwi kitu akiwa amesimama. Nikasubiri akae. Shikamoo mama. Marahaba, wewe ndiye unayetaka kuoa kengele yetu?

Nikamwambia Happy ni mzuri kiasi gani. Akasema uzuri wa Happy hausikiki ng'ambo ya bonde. Kengele inasikika. Kama nataka bampa, nilete chuma kingine kinachosikika mpaka kwa mzee Nzeyimana, nyumba ya mwisho kule juu. Haki kabisa. Nilikuwa nimekuja na rimu ya Hiace, nikaomba tujaribu palepale.

Nikapiga. Nilipiga kwa nguvu maana mimi ni fundi.

Hatukukumbuka kitu kimoja: kengele ikipigwa saa isiyo yake, na kwa fujo, huku ni msiba! Dakika kumi hazijaisha watu wanashuka kutoka kila upande. Wanawake wamejifunga kanga kiunoni. Mwingine amebeba maharage yake debe zima, ameyazoa pale alipoyaanika. Wanaume wamekuja na majembe ya kaburi! Wanauliza ni nani. Katekista anasema hakuna mtu. Wakaanza kulia zaidi – wakadhani ni mtu mkubwa, ndiyo maana wanafichwa.

Mama Consolatha akapanda kwenye jiwe akatangaza hakuna aliyekufa, ni kijana wa Kirushya anataka kuoa. Mzee mmoja akasema sasa majembe tuliyobeba tufanyeje? Akaniangalia vibaya sana.

Mzee Nzeyimana hakuja. Maana yake hakusikia. Rimu ya Hiace imefeli.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Nimesali Mbuba nilinde mali yangu. Katekista alilipiga bampa kwa nondo, kila pigo nilisikia kwenye mbavu. Ameniona nimeshika shavu, akadhani nimeguswa na Roho.

Jumatatu, 9 Juni

Gidioni ana roho nzuri, ila huificha. Kanipa rimu ya lori la tani thelathini, ilipasuliwa na mawe ya barabara ya Rusumo. Tumeifunga kwenye pikipiki, tairi la mbele likawa linainuka kama farasi.

Safari hii Mama Consolatha akatumia akili. Alitangaza kanisani jana kwamba leo saa tisa mtasikia kelele, msilie. Akaenda yeye mwenyewe mpaka kwa mzee Nzeyimana, akasimama na kanga nyeupe. Akisikia ataipeperusha.

Nikapiga. Rimu ikalia DOOONG, mbuzi wakakata kamba. Tukaangalia ng'ambo. Kanga haikupepea. Nikapiga tena. Kimya. Nikapiga mpaka mikono ikafa. Mwisho tukamwona anashuka pole pole, amefika anahema, anasema amesikia tangu pigo la kwanza, ila kanga alimpa mama Nzeyimana amshikie, naye akajifunika akalala.

Na bado watu watatu walikuja na maharage! Wanasema walisikia tangazo, ila hawakuliamini.

Nimefungua waya mwenyewe. Mama Consolatha alilishika bampa dakika nzima kabla ya kuniachia. Akasema lilipigwa siku alipoolewa. Nikasema asante. Vipembe nimevichimbua kwa jembe la kaburi, nimeazimwa na mzee yule wa juzi.

Jumatano, 11 Juni

Gidioni amenyoosha mabonde ya nondo, kwa nyundo ya mpira, taratibu. Rangi hatukuigusa, Mzee alikataza. Tumekata mpira wa tyubu tukaweka kati ya vipembe na bampa, alisema bila huo mpira vinapiga kelele kama meno ya mzee.

Nimempigia Happy nikamwambia kidume kimekamilisha kazi. Akauliza: kidume gani? Aliyelia chini ya kengele? Nani kamwambia! Huku hakuna siri, mpaka Biharamulo zimefika.

Ijumaa, 13 Juni

Baba mdogo Anatoli ndiye mshenga. Leo kagoma! Anasema bwana harusi haendi kwenye mazungumzo ya mahari yake, haijawahi kuonekana, ni mkosi, tena ni aibu. Nikamuuliza bampa atalifunga nani? Yeye? Anatoli hajui hata spana inaingia upande gani.

Tumebishana mpaka pombe ya ndizi ikaisha. Mwisho tukakubaliana: mimi sitakwenda. Atakwenda fundi. Fundi atavaa ovaroli, hataitwa jina, hatakula na wageni, na wazee wote watafanya kama hawamjui. Baba mdogo kampigia Mzee Bulugu kumweleza. Mzee kasema hiyo ni sahihi kabisa, na je, huyo fundi ni mwaminifu?

Jumamosi, 14 Juni

Naandika nikiwa chooni kwa Mzee Bulugu. Choo cha nje, mlango wa bati, mwanga unapita juu. Daftari lilikuwa kwenye ovaroli. Sina muda mrefu.

Tumefika saa nne. Bampa limefunikwa kitenge kipya, limebebwa na wazee wawili, kina mama wetu wanapiga vigelegele. Baba mdogo akaanza yale maneno yake ya ushenga. Mzee Bulugu akamkata, akasema kwanza aletewe mnyama. Wakafunua.

Akalizunguka kama ng'ombe wa mahari. Kweli! Akalipiga kofi ubavuni, akainama kusikiliza. Akashika pembe akazitikisa. Akaagiza litembezwe – wale wazee wawili wakazunguka nalo uani mara mbili, yeye akiangalia kama linachechemea. Akauliza limewahi kuugua? Baba mdogo akasema hapana, ila alikotoka alikuwa anapigwa mara tatu kwa siku. Watu wakacheka, Mzee hakucheka. Akaligeuza, akaweka kidole kwenye muhuri. Kidole kikakaa hapo. Akasema: "Ndiye huyu."

Vigelegele! Akanigeukia. "Fundi, funga."

Nikaingia chini ya gari. Nafunga bolti, juu yangu naona viatu tu. Viatu vya Mzee vikasogea. Akauliza, fundi, huyo kijana wa Kirushya unamfahamu? Nikasema namfahamu kiasi. Ni mtu wa namna gani? Nikasema kwa kweli, mzee, ni kijana wa pekee. Mchapakazi. Ana sura. Nikasikia baba mdogo anakohoa. Mzee akauliza kasoro yake? Nikafikiri. Nikasema hana. Dirishani nikasikia Happy ameangua kicheko, akazibwa mdomo.

Nikamaliza. Matundu yameingia kama yamelala pamoja miaka yote. Nilipotoka, Mzee amevua kofia. Macho yana maji. Amesimama nyuma ya gari yake kama mtu aliyemwona ndugu aliyepotea vitani.

Halafu akasema: sasa, fundi, pita na chini ya bampa la mbele. Mimi magoti yananizuia. Safisha huko ndani, soma muhuri wake, uje uwaambie wageni kwamba mbele na nyuma ni ndugu wa tumbo moja. Ukishasema, tunakaa.

Nikaingia. Nikapangusa kwa tambara. Muhuri hakuna. Nikapangusa zaidi, nikamulika na simu. Bati limekunjwa, limechomelewa pembeni, rangi ya kijivu juu ya rangi nyeupe. Na herufi nyeusi, kubwa, zimepinduka juu chini. Nikageuza shingo nikasoma.

PUNGUZA MWE

Kibao cha barabarani! Kipimo cha dunia nzima, kinachosuguliwa kila Jumamosi, ni kibao cha kupunguza mwendo!

Nikajigonga kichwa kwenye chesisi. Nilipotoa uso, mtu wa kwanza kumwona ni Mama Bonifasia, mama yake Happy, amesimama na sinia ya soda. Aliniona nimeona.

Nikashika tumbo. Nikaomba ruhusa.

Sijakaa hata dakika mbili, kopo la maji likapita chini ya mlango. Sauti ya Mama Bonifasia, kubwa: "Fundi, maji hayo!" Halafu sauti ndogo. Mwaka 2006 Mzee amelazwa Mwanza, magoti, miezi mitatu. Nauli haipo, gari ipo. Mama akaamua kujifunza kuendesha, aende kumwona. "Nilifika mpaka kwenye mpera," akasema. Ule pale uani, mita ishirini! Bampa likajikunja kama chapati. Akatafuta mtu wa kuchomelea, akamtengenezea jingine kwa siku mbili, kabla Mzee hajarudi. "Miaka kumi na tisa namwangalia analisugua, fundi. Kila Jumamosi. Nikimletea na kitambaa."

Nikamuuliza nisemeje, mama. Akasema hanifundishi la kusema. Kandambili zake zikaondoka. Sasa nasikia anaosha masufuria. Anaosha kwa nguvu sana masufuria ambayo hayajapikiwa.

Nikisema kweli, kikao hakuna, kesho Nyakahura wanaingia, na ndani ya nyumba hii sijui kutakuwa na nini. Nikisema ni ndugu wa tumbo moja, nitakula chakula cha mama huyu miaka yote tukiogopana macho. Na Mzee kila Jumamosi atasema, fundi, njoo uone linavyong'aa.

Meseji ya Happy: Usiseme.

Nyingine: Au sema. Sijui.

Nasikia fimbo ya Mzee inagonga chini, inakuja. Amefika. Anapiga bati. Fundi, tumbo linaendeleaje? Nimesema vizuri, baba – nimesema baba! Anasema wageni wameshakaa, viti vimetosha, wanasubiri neno langu moja tu. Haondoki. Namwona viatu chini ya mlango.

Mimi niliyejibu swali la kasoro zangu kwa neno moja.

Nimefungua komeo.

Nimelifunga tena.